Msaada wakuu: nimekwama kwenye panki (roki ya kasi na hasira) ya 1977 hadi 1982, nipeni bendi mpya

Mzee_Kanda (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Najua humu tunakesha kwa Bongo Fleva, amapiano na ugomvi wa nani mfalme, lakini wiki iliyopita nimeona mtu kawataja The Clash, bendi ya panki ya London, kwenye uzi wa dansi la zamani, nikasema kumbe sipo peke yangu. Shida yangu hii hapa.

Mwaka 1978 nilipelekwa Leeds, Uingereza, kusomea ufundi wa nguo. Nilifika Septemba na koti moja jepesi. Chumba cha juu yangu alikaa kijana wa Kiingereza aliyekuwa akipiga santuri usiku kucha, gitaa linakwaruza kama mtu anakata bati. Wiki ya tatu uvumilivu ukanishinda, nikapanda ngazi kumwambia apunguze. Nikashuka saa nane usiku nimekumbatia santuri mbili za kuazima.

Ambaye hakuwepo ataona zilikuwa kelele tu. Wakati ule National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, walikuwa wakiandamana mitaani, na mtu mweusi akitoka chuoni jioni anachagua njia ya kupita. Katika hali hiyo unawaona vijana weupe wanapanda jukwaa moja na bendi za rege kuwapinga hao jamaa. Aprili 30 mwaka huohuo, kabla sijafika, The Clash, X-Ray Spex na Steel Pulse walipiga Victoria Park, London, kwenye tamasha la Rock Against Racism (roki dhidi ya ubaguzi), na mpaka Krismasi watu walikuwa bado wanalisimulia. Yule binti wa X-Ray Spex mwenye waya za meno, Poly Styrene, baba yake ni Msomali. Niliposikia hivyo nikasema basi, huyu jirani yetu.

Leeds yenyewe ilikuwa na Gang of Four, Mekons na Delta 5. Ulikuwa unapishana nao dukani.

Nilirudi 1982 na kanda 19 kwenye boksi la viatu. Ya ishirini ni Bad Brains, bendi ya weusi wa Marekani, ile ya mwaka huohuo iliyotolewa kwa kanda tu, nililetewa na rafiki baharia. Hizo ndizo ninazosikiliza mpaka leo hapa Tanga. Moja ilitafunwa na redio mwaka 1991. Niliutoa utepe polepole, nikaunyoosha kwa ukucha juu ya meza, nikaurudisha kwa kalamu ya Bic nikizungusha nusu saa nzima. Mpaka leo wimbo wa tatu upande wa A unazama, jamaa anaimba kama yuko ndani ya pipa, halafu anaibuka. Nimeuzoea hivyo. Nikiusikia mzima kwenye simu naona una kasoro.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea programu ya muziki kwenye simu. Nikiandika panki inaniletea Green Day na Blink-182. Sina ugomvi nao, wana ada za shule za kulipa kama sisi. Lakini natafuta bendi za sasa, vijana walio hai wanaoimba mambo ya leo. Sitaki anayemwiga Joe Strummer wa The Clash. Nikimtaka Strummer ninaye kwenye boksi. Na msinimwagie bendi hamsini, bando langu dogo.

kiduku_mpya

Mzee panki si ile ya kunyoa? Kwa kinyozi wangu elfu tatu tu

Mzee_Kanda

Hiyo nayo nilinyoa, kijana. Mama watoto akakataa kuongozana nami sokoni mwezi mzima.

Ukweli_Mchungu

Mkuu usijisumbue. Panki ilikufa Januari 1978, Sex Pistols waliposambaratika kule San Francisco. Yote yaliyofuata ni biashara ya fulana.

DadaDramu

Shikamoo Mzee Kanda. Na wewe Ukweli, kwa hesabu hiyo mzee alifika Leeds kwenye matanga, na albamu ya kwanza ya Gang of Four ya 1979 imerekodiwa na mizimu. Tuendelee.

Mimi ni mtu wa Moshi, umri wangu ni wa kuwa binti yako mdogo, nauguza wazee hapa Bristol na siku za mapumziko napiga dramu vibaya kwenye bendi isiyo na jina. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Naomba nikuulize kwanza: hizo kanda 20, ukichagua tano za kuokoa nyumba ikiungua, zipi? Maana watu wataanza kukupa bendi kwa kufananisha milio, na mlio ndio kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Nunua gitaa la bei chee, kaza sauti mpaka spika ilie, umepata mlio wa 1977. Nataka kujua zilikuwa zinakufanyia nini.

Mzee_Kanda

Marahaba mwanangu. Swali zuri, nimekaa nalo tangu asubuhi.

X-Ray Spex, kwa sababu ya sauti ya yule binti, haombi ruhusa ya mtu. Gang of Four na Delta 5 nahesabu kama moja, kwa ule ukavu: gitaa halijazi nafasi, linaacha mashimo unasikia besi inatembea. Clash, kwa kuwa waliichukua rege bila kuidhalilisha. Bad Brains kwa kasi. Ya tano Ramones, hiyo haina sababu, inanifanya nioshe vyombo.

DadaDramu

Sasa tunaongea. Nitaanza na rahisi.

Ramones na kuosha vyombo: The Chats, wa Queensland, Australia. Walijulikana 2017 kwa kibao kuhusu mtu anayetaka aachwe avute sigara yake wakati wa mapumziko ya kazi. Hadithi nzima ndiyo hiyo. Mwimbaji ana nywele fupi mbele, mkia nyuma. Albamu ya kwanza, High Risk Behaviour ya 2020, haifiki nusu saa. Hakuna cha kuchambua, weka sabuni kwenye maji.

Poly Styrene: hapa nina watatu na nitakuomba uwe na subira. Amyl and the Sniffers wa Melbourne. Amy Taylor anaimba kama muuza samaki anayedai chenji yake. Albamu ya kwanza ya 2019 ni mbio tupu, lakini wewe anzia Comfort to Me ya 2021, gitaa limenenepa na hasira imepata akili. Wa pili Big Joanie wa London, walioanza wakiwa wanawake weusi watatu. Hawa hawana haraka. Albamu ya Sistahs ya 2018 ina dramu za kugonga taratibu kama mtu anatwanga, na mashairi yanakufikia baadaye ukiwa jikoni. Wa tatu Lambrini Girls wa Brighton, albamu yao ilitoka Januari 2025, wanaimba kuhusu mabosi wenye mikono mirefu kazini na kuhusu polisi, na wanatukana. Usiwasikilize ukiwa na shemeji.

Ukavu wa Leeds: Shopping, bendi ya London, albamu ya Why Choose ya 2015. Gitaa, besi, dramu, basi. Nasema mapema: utasema hawa wameiba kwa Delta 5. Sikiliza nyimbo tatu kabla hujasema.

Clash na rege: hakuna wa kumpa kiti hicho moja kwa moja, na ukiletewa bendi ya vijana weupe wanaopiga rege leo, kimbia. Walichofanya Clash ni kusikiliza kilichopigwa kwenye nyumba za jirani zao na kukiingiza. Kwa jirani wa London wa leo kunapigwa rapu ya mitaani yenye besi nzito. Kwa hiyo Bob Vylan, jamaa wawili, mmoja dramu mmoja kipaza sauti. Wanatoa kazi zao kwa lebo yao wenyewe. We Live Here ya 2020 inahusu kuambiwa urudi kwenu wakati kwenu ni hapahapa. Mwaka 2022 tuzo za MOBO, za muziki wenye asili ya weusi huko Uingereza, zilipoanzisha kundi la muziki mbadala, wao ndio walioichukua ya kwanza. Wamekuwa na makelele mengine magazetini baadaye, hayo utayasoma mwenyewe.

Bad Brains: Soul Glo wa Philadelphia, Diaspora Problems, 2022. Hii nakuwekea mwisho kama pilipili. Maneno yanakuja mengi kuliko pumzi ya binadamu, katikati yanaingia matarumbeta na rapu. Mara ya kwanza hutaelewa kitu. Mara ya tatu utacheka.

Halafu nakuongezea moja ya mji huu ninaoishi, IDLES. Joy as an Act of Resistance, 2018. Wana wimbo wenye jina la rafiki yao, mhamiaji kutoka Ukraine, na ndani yake mwimbaji anawataja wahamiaji kama ndugu zake wa damu. Mmoja wapo Freddie Mercury. Mzanzibari wetu kaingia kwenye panki akiwa kaburini.

Mtu_Pori

Dada umesahau Fontaines D.C., Sleaford Mods, Dry Cleaning, Viagra Boys, Turnstile, High Vis...

DadaDramu

Sijasahau. Mzee kasema bando dogo.

Mtaa254

Mzee wetu, sasa? Naandika kutoka Nairobi na nimeshangaa mmefika post ya kumi mkizunguka Bristol na Melbourne na hakuna aliyeangalia huku nyuma ya nyumba.

Kuna Crystal Axis. Ni bendi ya hapa Nairobi, panki ya Waafrika bila kuomba msamaha. Tafuta wimbo wao unaitwa Leopold. Ni yule mfalme wa Ubelgiji aliyejifanya mwenye Kongo kuanzia 1885 mpaka 1908, mikono ya watu ikikatwa kwa sababu ya mpira. Halafu tafuta Nyayo House. Mzee, kwa vile uko Tanga labda nikueleze: Nyayo House ni jengo refu la serikali katikati ya jiji, tunaenda hapo kupanga foleni ya paspoti. Chini yake, enzi ya Moi, kulikuwa na seli za kutesea watu waliodaiwa kuwa wapinzani. Baba ya rafiki yangu alipitia huko na mpaka leo hapandi lifti. Sasa wewe fikiria kusimama kwa foleni, picha nne za paspoti mkononi, na huo wimbo masikioni. Nimefanya hivyo. Nilitoka na paspoti na jasho.

Cha pili ni Duma, na hapa ushikilie kiti. Martin Khanja na Sam Karugu, albamu ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi tunaosema Kiswahili tunafikiri ni yule mnyama mwenye mbio, na mbio zipo, lakini wenyewe wameeleza kwamba jina ni la Kikuyu, maana yake giza. Si panki ya gitaa. Ni dramu za mashine zinazokimbia kama zinafukuzwa na juu yake mtu anapiga mayowe. Khanja siku hizi anajiita Lord Spikeheart, akatoa The Adept mwaka 2024, kazi aliyomtolea nyanya yake mkuu, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa fildi mashali wa Mau Mau msituni. Niambie ni bendi gani ya Uingereza ina ukoo kama huo.

Chizi_wa_Manzese

Wote mnazunguka mbuyu. Panki ya Tanzania ipo na inaitwa SINGELI. Kasi mzee? Midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Kurekodi kwa kuungaunga? Kompyuta bovu, chumba kimoja, feni haifanyi kazi. Kuchukiwa na wazazi? Tele. Huyohuyo Nyege Nyege Tapes alitoa mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso, mwaka 2017, studio ya Sisso iko Mburahati. Ramones gani tena.

Mzee_Kanda

Nimekuja na majibu, nimesikiliza siku nne. Nilikuwa nafungua pampu ya kisima, nimeweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue. Mwanangu DadaDramu, usinicheke, ni spika nzuri.

The Chats: vyombo vimeoshwa. Sitawakumbuka nikifa, lakini vyombo vimeoshwa.

Amyl: Huyu binti! Nimerudia albamu nzima mara tatu na pampu haijapona. Si kwamba anafanana na Poly Styrene, sauti ya Poly ilikuwa inapasua kioo, ya huyu inasukuma mlango. Ila wote wawili unasikia mtu aliyechoka kutazamwa. Nimeielewa pointi yako.

Shopping: Nilisema wameiba kwa Delta 5. Wimbo wa kwanza nikasema wezi, wa pili wezi. Wa tatu mguu ukawa unagonga ndoo wenyewe. Kisha nikajiuliza, Delta 5 wamewahi kulalamika? Hawajalalamika. Basi na mimi ni nani.

Big Joanie nimewaweka kando kwa usiku, wanataka utulivu. Usiku umeme ukakatika, nikawasikiliza gizani. Nakuambia ukweli, hao ndio watakaokaa. Zile dramu za kutwanga zilinirudisha kwa mama yangu, kitu ambacho sikutegemea kwenye panki.

Bob Vylan nilimsikiliza mara moja nikalazimika kukaa chini. Mwaka 1979 mtu mmoja alinifuata kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni akinirudisha kwetu kwa maneno, na mimi nikajisemea kwamba mimi kweli nina kwetu, nitarudi. Hawa waliozaliwa palepale wanaimba maneno hayohayo miaka arobaini baadaye. Sina la kuongeza.

IDLES hapana. Nisamehe, najua ni watu wa mji wako. Moyo wao mzuri, na Freddie nimemsikia akitajwa, nikatabasamu. Lakini huyo bwana anaimba kama anayetaka nimkumbatie mwisho wa kila wimbo. Mimi panki yangu haikunikumbatia, ilinipa kiwiko.

Soul Glo: nimefika mara ya pili. Sijacheka bado.

DadaDramu

Mzee nimecheka mpaka mgonjwa wangu kauliza kuna nini, nikamsomea kwa Kiingereza. Ana miaka 81, kasema sufuria ni bora kuliko spika yake.

Kuhusu IDLES siwezi kukulaumu. Kuna watu hapa mjini wanasema hivyohivyo, tena kwa maneno makali. Mimi nawapenda kwenye shoo, nyumbani siwaweki sana. Wanaofaa nyumbani na wanaofaa ukumbini si lazima wawe haohao, na hili nalisahau kila ninapompendekezea mtu bendi. Jaribu moja wa Mtu_Pori: Sleaford Mods wa Nottingham. Mmoja anafoka kuhusu kazi mbovu na kodi ya nyumba, mwenzake kabonyeza kitufe kwenye kompyuta kasimama na bia anatikisa kichwa. Divide and Exit ya 2014. Hao hawamkumbatii mtu.

Mtu_Pori

Asante kwa kunikumbuka 🙏 Ila bendi hizi za kuongeaongea badala ya kuimba zimezidi. Dry Cleaning yule dada anaongea kama anasoma orodha ya sokoni.

DadaDramu

Na ndipo utamu ulipo! Gitaa nyuma linalia yeye anasoma orodha ya sokoni. Lakini sawa, kama wimbo ukiuondoa maneno haubaki na kitu, mimi pia nauruka. Fontaines D.C. kwenye Dogrel ya 2019 wanaongea kwa lafudhi ya Dublin na bado besi inakubeba. Hicho ndicho kipimo changu: nasikiliza mara ya kwanza maneno, mara ya pili nasikiliza besi peke yake. Besi ikiwa imelala, nazima.

Ukweli_Mchungu

Haya na mimi nitoe sadaka. Mzee, kama unataka kipya, kuna vya zamani ambavyo ni vipya. Death, ndugu watatu weusi wa Detroit, walirekodi 1975, kabla ya albamu ya kwanza ya Ramones. Kampuni zikagoma kwa sababu ya jina, wao wakagoma kulibadilisha. Albamu ikatoka 2009. Na National Wake wa Johannesburg, weusi na weupe bendi moja wakati sheria za makaburu haziwaruhusu hata kukaa mtaa mmoja. Albamu yao ni ya 1981, ulikuwa Leeds unakula chipsi.

Mzee_Kanda

Ukweli, kwa mtu aliyesema panki imekufa umefukua vizuri. Death nimeisikia, nimekasirika kwamba ilifichwa boksini miaka 34. National Wake nimeisikia nikanyamaza.

Mtaa254: Nyayo House nimeisikiliza bila kufanya kazi nyingine. Asante. Naomba uniambie wakipiga Mombasa, hapo si mbali, napanda basi. Duma nimejaribu ndani ya sufuria, paka akatoka nje na hakurudi mpaka magharibi. Kwenye hedifoni ya mjukuu ikawa habari nyingine. Siwezi kusema nimeipenda. Nimeiogopa, na mara ya mwisho kuogopa muziki ilikuwa Leeds.

Chizi: kasi peke yake si panki. Treni nayo ina kasi.

Chizi_wa_Manzese

Mzee mimi sijasema kasi peke yake. Nimesema chumba, kompyuta bovu na wazazi. Umeruka mawili.

Mtaa254

Amekushika hapo mzee 😂

DadaDramu

Amemshika. Ila Chizi na wewe usiuze kitu kwa jina la kitu kingine. Singeli ilitoka kwenye taarabu iliyokatwa vipande na kukimbizwa, kwenye vigodoro, zile ngoma za usiku mtaani, haikumsubiri mtu wa London aipe cheti cha panki. Mzee akiipenda aipende kama singeli. Duke, Uingizaji Hewa, 2019, mwanzie hapo.

Mzee, nimesahau: mjukuu ana miaka mingapi? Mpe The Linda Lindas, wasichana wanne wa Los Angeles. Mei 2021 walipiga shoo ndani ya maktaba ya umma, mpiga dramu ana miaka kumi, wimbo kuhusu mvulana wa darasani kwake aliyemwambia, baba kanikataza kukaa karibu na Wachina. Sasa wana albamu mbili. Jina limetokana na filamu ya Kijapani, lakini kwetu sisi ni walinzi tu.

Mzee_Kanda

Ana miaka kumi na mmoja. Nimempa. Sasa anapiga mito kwa vijiti vya mishikaki na mama yake ananitazama jicho la upande. Anauliza wanamlinda nani.

Jana yamenikuta ya kusimulia. Mtaa wa pili kulikuwa na kigodoro. Saa sita usiku madirisha yanatetemeka, glasi ya meno inatembea mezani. Nikavaa shati, nikachukua tochi, nikaenda kuwaambia wapunguze. Nimefika, vijana wamefunga spika juu ya mkokoteni, mmoja kashika kompyuta ambayo kioo kimepasuka kona, mwingine anamwaga maneno kuhusu mwenye nyumba wake bila kupumua. Kina mama wenye umri wangu wanacheza. Nimesimama na tochi yangu imewashwa. Kijana wa kompyuta akaniona akasema, shikamoo mzee, tunakusumbua? Nikamuuliza, hiyo inayopiga ni ya nani?

Nimerudi saa nane na nusu. Amenikopesha flashi yenye nyimbo 40 na lazima niirudishe Jumamosi.

Chizi_wa_Manzese

😂😂😂😂 NIMEMALIZA. Sina swali tena.

Mtaa254

Wueh. Ngazi za Leeds hizo.

DadaDramu

Mzee umeniliza zamu ya usiku. Na Soul Glo?

Mzee_Kanda

Nimecheka leo asubuhi. Mara ya tano, si ya tatu. Pale matarumbeta yanapoingia.

Sasa wakuu nina shida mbili. Redio yangu haina tundu la flashi, simu nayo haiisomi. Na jana nilipotaka kumsikilizisha kijana wa kompyuta Bad Brains, kanda imewekwa, nimebonyeza, magurudumu yanageuka polepole halafu yanasimama. Nimefungua, mkanda wa ndani, ule wa mpira, umekuwa kama ubani, unanata vidoleni. Fundi wa hapa anasema haupo, nitumie redio ya simu. Nani anamjua fundi Kariakoo au Mombasa mwenye hiyo mikanda? Wa duara, si wa bapa, kipenyo kama kifuniko cha chupa ya maji. Kijana anakuja Jumamosi.